Kadi Mpya ya Mashavu

Shemeji yangu Rehani alishuka kwenye treni pale Mnyuzi, akanishika mkono akasema, "Dada yako amefariki, na mtoto pia." Nikasema innalillahi. Kisha hasira ikanipanda, na hadi leo haijashuka.

Dada Mashavu alikuwa na kadi ya hospitali huko Korogwe kwa jina la baba yetu, Mhina. Daktari aliandika humo kwamba nyonga zake ni nyembamba, apasuliwe uchungu ukianza. Kwetu Waislamu wa Handeni, mke haachi jina la baba yake. Lakini karani mpya aliposikia ameolewa, alimcheka.

"Mama, mke huitwa kwa mumewe. Ndivyo wafanyavyo Waingereza."

"Nimeolewa, bwana karani, sikuzaliwa upya."

Akamwandikia kadi mpya ya jina la Rehani, ya zamani akaiacha kabatini. Uchungu ulipoanza, Mashavu aliwaeleza wauguzi habari ya kupasuliwa. Wakamjibu kwamba kadi yake haisemi hivyo, asukume tu. Alisukuma hadi nguvu zikamwisha. Sasa wanatuambia ni kazi ya Mungu. Mungu hakuandika kadi ile.

Tulimzika Handeni baada ya swala ya adhuhuri. Mimi na Rehani tuliingia kaburini tukampokea, mtoto tukamlaza ubavuni mwake. Tukafukia, tukaomba dua, tukarudi nyumbani.