Gauni la Lavinia Tolliver

Mchongaji alipokuja mjini kwetu, ukingoni mwa mto Ohio, kutafuta sura ya mwanamke anayetoroka utumwa, alimchagua Lavinia Tolliver, wakati huo binti wa kwaya. Katika sanamu ile ya shaba mwanamke anapanda kutoka mashuani, na mzee mwenye taa anamvuta mkono.

Tangu hapo, kila Agosti kanisa letu humvisha Lavinia gauni la kale na kumsimamisha kando ya sanamu, mkono wake ndani ya mkono wa Shemasi Elbert, mpaka nyimbo ziishe. Haruhusiwi kutabasamu. Wazee waliamua pia kwamba gauni lile lisivaliwe ila na mtu wa damu yake.

Mwaka huu Lavinia alitaka kuhamia Cleveland kwa dada yake Verlene, anayeishi peke yake na macho yake yanafifia. Alilitamka jikoni mwa kanisa, akina mama wakikaanga kambare.

"Cleveland?" Mama Hattie aligeuka na mwiko mkononi. "Na Agosti atatoroka nani?"

Wakacheka wote.

"Mama Hattie, magoti haya? Wawindaji wa watumwa wangenikamata hata sijavua viatu."

"Basi mpe Jolene gauni. Pua si ile ile?"

Jolene, binti wa kaka yake, alikuwa akikata kabichi. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi Columbus. Kicheko kilimkatikia.

Mume wa Lavinia alipolala mgonjwa kitandani miaka miwili, wanawake hawa ndio waliomwogesha na kumlisha. Hawakuwahi kumkumbusha Lavinia fadhila hiyo hata siku moja, na ndiyo maana alishindwa kuwakatalia.

Jumamosi Mama Hattie alimpimia Jolene gauni, pini zikiwa mdomoni.

"Simama wima, binti. Ufunge uso. Eeh, hivyo hivyo!"

"Ni mwaka mmoja tu, eti shangazi?" Jolene aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hata mimi niliambiwa hivyo."

Lavinia akasimama, akaanza kuchomoa pini moja moja.

"Lete huku. Mtoto mwembamba huyu, litamvuka mbele za watu."

"Na Cleveland je?"

"Cleveland haihami, Mama Hattie."

Asubuhi ya Jumapili Jolene alipanda basi la Columbus. Mchana Lavinia alikuwa kando ya sanamu, jua likimchoma utosini, kiganja cha shemasi kimelowa jasho.

"Unaniminya, Elbert," alinong'ona bila kusogeza midomo.

"Nikikuachia utaanguka, dada."

Wimbo ulifika mwisho. Mama Hattie, machozi yakimtoka kwa furaha, akauanzisha upya, umati ukampokea. Lavinia akajaribu kuuchomoa mkono. Shemasi alikuwa amefumba macho, anaimba; akaukaza zaidi.