Ningu Aliyebebwa kwa Mikono

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila mvua za masika zinapoanza kupiga mabati yetu hapa Kisugu. Nitakusimulia, lakini kwanza weka hiyo simu chini. Jana ulikuja na maneno yako nikakaa kimya, ukaondoka ukidhani nimekubali. Kimya cha mama si kukubali kila mara. Wakati mwingine jino tu linauma, na wakati mwingine anatafuta pa kuanzia.

Ulisema mdogo wako Nafula aache chuo cha uuguzi, na yeye ameshafika katikati, aje akusimamie duka lako la vifaa vya simu kule Bukoto kwa sababu kijana uliyekuwa naye ameondoka. Ukasema Nafula ni mwerevu, ni wa damu yako, hatakuibia, na wateja watampenda. Ukanitupia na methali: chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Methali hiyo ni ya kweli na mimi ndiye niliyekufundisha. Ila nilikufundisha na nyingine, naona hizo uliziacha mlangoni.

Babu yako, baba yangu mzazi, alikuwa polisi hapa Kampala. Tulikulia kambini, sisi Wasamia katikati ya Waacholi na Walugbara, na Kiswahili chetu kile cha kambini ndicho kilichotufanya watu wa nyumba moja. Mwaka ninaousema nilikuwa msichana niliyekwisha vunja ungo, najiona mkubwa. Baba akapata likizo fupi mvua zilipoanza, tukaenda nyumbani, kwenye mto uitwao Sio, unaoingia ziwani.

Sijui kama uliwahi kumwona ningu, maana siku hizi mnajua sato tu na kuku wa kukaanga. Ningu ni samaki wa ziwani, lakini mvua ikishachafua maji ya mto anashikwa na wazimu wa kupanda. Analiacha ziwa lote lile, anapigana na mkondo mpaka kwenye mabonde ya nyasi yaliyofurika, anataga mayai yake huko, kisha anashuka kurudi ziwani akiwa amekonda. Wazee wetu walikatiza mto kwa uzio wa matete, na kila ukoo ulikuwa na sehemu yake ya kutegea migono, ile mitego iliyosukwa kama vikapu virefu. Sharti lilikuwa moja. Samaki wanapopanda, mlango wa katikati ya uzio unaachwa wazi na migono inakaa nchi kavu. Tunawala wanaposhuka. Ukoo utakaovunja sharti unanyang'anywa sehemu yake, hakuna cha kubembeleza.

Sehemu yetu ilikuwa mikononi mwa Bibi Nabwire, shangazi yake baba, ambaye ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki. Alikuwa mjane asiye na mtoto, na miezi ya njaa alikula kilichotoka pale mtoni. Akinyang'anywa ile sehemu, angebaki kuomba kwa majirani.

Sasa baba yangu aliwaona ningu wakipita, wanene, matumbo yamejaa, na likizo yake ingekwisha kabla hajashuka hata mmoja. Roho ikamuuma. Tulipoamka asubuhi ile mimi na Bibi kwenda kuteka maji, tulimkuta amesimama ukingoni na suruali yake ya kazi na buti zake. Mlango wa uzio ulikuwa umezibwa. Alikuwa ameweka migono yetu yote pale, midomo ikitazama ziwani, na ndani samaki walikuwa wakipigapiga mikia.

Bibi hakupiga kelele. Alitua mtungi wake, akasema kwa Kisamia, toa. Baba akikasirika alihamia Kiswahili, ndiyo lugha yake ya kazi.

"Mimi likizo nakwisha! Hii samaki ikirudi, mimi nakula wapi? Nani nakataza mimi? Mimi ndiyo serikali!"

Hakujua, au alisahau, kwamba Bibi naye aliwahi kukaa miaka kambini na kaka yake askari.

"Serikali!" Bibi akacheka. "Hii serikali mimi naliosha kamasi hapa hapa, kwa hii maji. Afande, leta mkono."

Baba, sijui kwa nini, akaunyoosha mkono. Bibi akainama kwenye mgono wa karibu akamtoa ningu mmoja aliyekwisha kufa kwa kubanwa. Akampasua kwa kisu chake cha kiunoni, akayamimina mayai yote kwenye kiganja cha baba. Yalijaa yakamwagika mpaka kwenye buti.

"Hesabu," akamwambia.

Baba akayatazama. Punje ndogo ndogo, mwanangu, nani angeziweza?

"Hii yote ulikuwa nataka kula leo," Bibi akasema. "Ile nashuka, mimi nitakutumia Kampala. Hii napanda, wewe toa. Wazee wakikuta hivi, mimi nimekwisha."

Hilo la mwisho alilisema taratibu, na nadhani ndilo lililomvunja baba. Akakaa chini akavua buti. Nilikuwa sijawahi kuona nyayo za baba nje ya nyumba, zilikuwa nyeupe kama za mgonjwa. Akaingia majini mpaka kiunoni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na siku ile niliona mtu mzima akiinama kwelikweli. Alifungua mgono mmoja mmoja, akawashika ningu kwa mikono miwili, akawavusha upande wa juu wa uzio. Wengine walikuwa wamekwama kwenye matete, hao nao akawachomoa. Mimi nikaingia na gauni langu, nikabeba. Wanateleza, wanakupiga kofi la mkia usoni, na ukimshika wa tumbo kubwa unambana kifuani kwa kuogopa kumwangusha.

Wazee wa mto walipofika, mlango ulikuwa wazi na polisi wa Kampala yumo majini amekumbatia samaki. Waliona migono, walielewa kila kitu. Mkubwa wao akakohoa, akasema, "Anayewabeba hatuwezi kumfukuza." Wakaenda zao. Bibi akalia pale pale bila kuficha.

Likizo ikaisha, tukarudi kambini mikono mitupu. Majuma yakapita. Kisha mama mmoja wa kwetu akaleta kifurushi cha majani ya migomba, ndani ningu waliokaushwa kwa moshi, wembamba, miiba tupu. Mama akawapika kwa mchuzi wa karanga, tukala na ugali wetu wa posho. Baba alimchukua mmoja kwenye sahani, akamgeuza huku na huku, akatuambia kwa uso mkavu kabisa:

"Hii mimi najua. Hii ndiyo mimi nalibeba."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Na kila mwaka kifurushi kilipokuja, mpaka alipostaafu, baba alichagua mmoja akasema maneno yale yale. Sikumwona akifurahia chakula kingine namna ile.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Naogopa, na sikufichi. Nafula anapanda. Ukimkamata sasa utamkuta mnono, utamla msimu mmoja, na alichokibeba hatutakijua kamwe. Duka lako nalionea fahari, lakini vijana waaminifu wanaotafuta kazi wamejaa hapa Kisugu, nitakutafutia mmoja mimi mwenyewe kesho. Kwa mdogo wako usiishie tu kumwachia njia. Mahali alipokwama ingia majini, hata ukilowa. Mtihani ukikaribia usimsumbue na simu za dukani. Mvua ikinyesha mpeleke chuo na pikipiki yako. Anayepanda hakamatwi, na anayekwama akipanda hubebwa.

Nenda sasa, yuko jikoni anaosha vyombo. Tangu jana hajala vizuri, amesikia uliyoyasema. Mwambie wewe, si mimi.

Mungu alijaze duka lako, akupe mikono isiyochoka na roho isiyoona uchungu kungoja. Akulinde barabarani, akupe watoto watakaokusikia kuliko unavyonisikia mimi. Na akujalie umri, siku Nafula atakapotoka wodini na sare yake, usimame mbele ya watu useme bila haya: huyu mimi namjua, huyu ndiye niliyembeba.