Nyama ya Mbuzi na Mkono wa Spesiyoza

Ipo siku moja ya mwaka 1992, mwanangu, ambayo kumbukumbu yangu haijakubali kuiachia. Nilikuwa kwenye kabare, kilabu kimoja cha pombe mtaani Kimisagara, na maseremala wenzangu, brosheti ya nyama ya mbuzi iliyochomwa kwenye kijiti mkononi, nikicheka. Nyumbani, mke wangu Spesiyoza alikuwa akimbeba mtoto wetu mchanga kwa mkono mmoja, kwa sababu ule mwingine ulikuwa umevimba.

Alikuwa msusi wa vikapu. Sindano ya kusukia ilimchoma kidole, jambo dogo kwa msusi, lakini kidonda kilikataa kufunga. Zahanati walimpa penisilini. Usaha ukakauka, kisha ukarudi. Sasa daktari alikuwa ametaja kisu, na Spesiyoza hakulala kwa hofu ya kupoteza mkono wake.

Kwa desturi yetu, mwanamke hakula mbuzi. Tuliambiwa angeota ndevu na kuwa mkaidi. Nyama ya ng'ombe ilikuwa ya sikukuu, na vita vya kaskazini vilikuwa vimepandisha bei ya maharage. Basi yeye alikula viazi vitamu mchana na jioni, huku akinyonyesha. Mbuzi nilikula mimi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata wakilala kitanda kimoja.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuja kutoka Gisozi kumwona mgonjwa. Alifunua sufuria, akatazama kidonda, akatoka bila kuaga. Akanikuta kabareni.

"Wewe mwana wa kaka yangu, mkeo anakula nini?"

"Viazi, Shangazi."

"Na wewe?"

Nikaficha kijiti mgongoni. Alininyang'anya, akang'ata nyama mbele ya wanaume wote, akatafuna taratibu.

"Mama, ndevu hizo!" mmoja akapiga kelele.

"Zikiota nitakugawia, maana zako zimechelewa."

Kicheko kilipotulia, akaniinamia. "Unaogopa ndevu kuliko jeneza?"

Kesho yake nilimsindikiza mke wangu zahanati. Muuguzi alinieleza jambo ambalo sikuwahi kuuliza: mwili hupigana na bakteria kwa msaada wa madini, kama zinki na chuma, na akiba ya mama anayenyonyesha huisha upesi. Nyama, ini, dagaa na maharage huirudisha. Dawa ni lazima, alisema, lakini dawa haifanyi kazi ya chakula. Nikauliza kama ninunue vidonge vya chuma sokoni. Akanikataza: maambukizi yakiwa makali, bakteria nao hutafuta chuma, vidonge hivyo aagize daktari.

Spesiyoza alikula ini la mbuzi akiwa amefumba macho, kama anayekunywa kwinini. Mkono ulipona. Lakini kidole kile kilichochomwa, cha shahada, kilikatwa, na vikapu vile vya nyuzi nyembamba hakuvisuka tena. Sijui kama chakula bora tangu mwanzo kingekiokoa. Najua tu kwamba sikumpa nafasi hiyo.

Mwanangu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kidonda kikikawia kupona, mpeleke mgonjwa kwa daktari, kisha rudi utazame sahani yake. Mama anayenyonyesha apakuliwe kwanza, tena kilicho bora. Na mila ukiirithi, iulize inamlinda nani; ikiwa inamlinda mwenye kushiba tu, iache.

Mungu akubariki wewe na wote watakaokula mkononi mwako. Akupe macho ya kuona njaa iliyo karibu nawe, na uzee usio na majuto kama yangu. Amina.