Makapi ya Mkonge Nayo Yana Eda

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na kila nikiikumbuka hunijia kwanza harufu yake: uchachu wa makapi mabichi ya mkonge. Nilikuwa kijana wa Pongwe, mwepesi wa kazi na mwepesi zaidi wa kujisifu.

Shemeji yangu alikuwa amefariki, na dada yangu Mwanaidi ameingia eda na mtoto mchanga kifuani. Miezi minne na siku kumi hatoki. Ua wake ulikuwa mwamba mtupu, jembe likigusa linalia, kwa hiyo nikamjengea matuta ya kuinua kwa mawe, apate mchicha wa kula na wa kubadilisha kwa unga. Majirani walipotaka kuchangia chakula niliwazuia. Niliwaambia dada yangu ana kaka. Ujana huo.

Samadi ya mbuzi iliyokomaa ilikuwa mbali, nami sikutaka kungoja. Nikaenda kwenye korona, ile mashine ya kukamulia mkonge, nikajaza mkokoteni makapi yanayovuja maji, nikayafukia matutani na kupanda siku hiyo hiyo. Haraka haraka haina baraka; methali hiyo niliijua tangu utotoni, lakini kuijua si kuifuata.

Mchicha uliota, ukageuka manjano, ukaungua mizizi. Ukitia mkono tutani unasikia joto. Nikapanda tena, ukafa tena. Niliona haya, nikanyamaza. Dada naye akanyamaza, akinisitiri, huku akilalia uji mwepesi. Maziwa yakamkauka. Homa ilipomfikia mwanawe, Zuhura, ilimkuta hana nguvu ya kushindana nayo. Tulimzika Ijumaa.

Bi Tatu, jirani yetu mkulima wa mboga, alipokuja msibani alipita uani, akachokoa tuta kwa kidole, akanusa. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia.

"Dada yako anakaa eda," alisema, "na mwenye akili hapeleki posa mpaka aimalize. Makapi nayo yana eda yake. Wewe umeyaoza kabla hayajaoza. Na ulipoona yamekushinda, mbona hukuja kuniambia? Nyumba yangu ile pale."

Mwanaidi hajanilaumu hata mara moja, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Basi nisikilize, mwanangu. Makapi yarundike kivulini, uyachanganye na samadi na majani makavu. Tia majivu kidogo ya kupunguza uchachu, yageuze kila baada ya siku kadhaa, yasikauke. Ngoja mpaka yapoe kabisa, yawe meusi, yanuke udongo na si mkonge. Hata hapo usiyaamini upesi: panda mbegu chache kwenye kopo, uone zitasimama ama zitalala. Tuta halidanganyiki, na tumbo linalolitegemea halidanganyiki pia.

Na likikuharibikia, sema siku ile ile, wacheke watakaocheka. Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua. Mimi nilificha, akafa mtoto.

Mungu akujalie mkono wenye subira, mwanangu, na akupe ulimi usioona haya kusema "nimeharibu" wakati bado yupo wa kuokolewa. Amina.