Anayesukutua Nyuma ya Dashibodi

Mafundi wenzake walimbandika jina la Sikio, kwa sababu hakufungua boneti ya mtu kabla ya kumwambia, "Hebu niigizie mlio wenyewe." Uje na suti yako, uje na kitambi chako cha ukubwa, utasimama pale gereji ulie kama beringi iliyokufa. Wenzake walivunjika mbavu. Yeye alifumba macho na kusikiliza.

Siku moja akaja shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, na gari lake dogo kuukuu. Huyu hakuhitaji kuombwa.

"Kuna mtu anasukutua mdomo nyuma ya dashibodi," alisema. "Nikiwasha hita tu: kwolo-kwolo... kwolo. Nikikanyaga mafuta anaongeza."

"Nani mwingine kamsikia?"

"Hakuna. Ndiyo maana nimekuja kwako, baba."

Mwanawe wa pekee alishapanda gari hilo mara kadhaa, akatega sikio asiambulie kitu. Akahitimisha kwamba kinacholia si gari, ni umri. Kesho yake angekuja kuchukua ufunguo, na shangazi asiendeshe tena. Anayesikia visivyokuwepo hafai kushika usukani, alimwambia mama yake mzazi, bila hata haya. Shangazi alilisimulia hilo kwa sauti ya kawaida, lakini mikono yake haikuacha kukunja na kukunjua mtandio.

Sikio aliwasha gari, akafungulia hita, akazunguka nalo mitaa yote ya jirani. Gari lilitulia kama maji mtungini. Fundi mwingine angemwonea huruma bibi wa watu na kumrudisha nyumbani. Sikio alishikwa na udadisi hadi akasahau chai yake. Mlio wa kubuni huwa hauna kituo katikati, aliwaza, na wa shangazi ulikuwa nacho. Lisemwalo lipo.

"Unamsikia wakati gani hasa?"

"Asubuhi, nikitoka nyumbani. Nikifika barabara kuu kanyamaza."

"Na binamu huja lini?"

"Mchana, nikishatoka sokoni."

"Gari unalilaza wapi?"

"Uani, pale kwenye mteremko. Pua chini, nisihangaike kutoka."

Sikio alicheka peke yake kama mwehu. Akaingia garini na shangazi yake, wakaenda kuliegesha uani vilevile, wakalisubiri mpaka likapoa kabisa. Alipofungua kifuniko cha rejeta alikuta mpira wake umepasuka, na maji yamepungua. Yalikuwa yakitoroka kidogo kidogo, hewa ikikalia nafasi yao. Gari likilala pua chini, hewa ile hupanda upande wa nyuma na kujibanza kwenye hita. Injini ikiwaka, maji yanaikuta humo, yanagombana nayo mpaka yaifukuze. Alirudisha kifuniko, akawasha.

Kwolo-kwolo... kwolo.

"Huyo!" shangazi alipiga makofi. "Huyo mwanaharamu!"

Machozi yalimlengalenga, naye Sikio akajisikia furaha ya ajabu. Dawa ilikuwa nyepesi: kifuniko kipya, gari ligeuzwe pua juu, hita iwekwe kwenye joto la mwisho, maji yajazwe polepole mpaka povu likome. Akakunja mikono ya shati.

"Usiguse," alisema shangazi.

"Si umetaka litengenezwe?"

"Litatengenezwa. Kesho, mwanangu akishasikia."

Asubuhi binamu alifika uani na ubaridi wake, akatoa shikamoo huku mkono umeshatangulia kudai ufunguo. Sikio akamkalisha kiti cha abiria, yeye akapanda nyuma. Shangazi akashika usukani, akawasha gari, akafungulia hita.

Mlio ukaja, tena kwa madaha. Binamu aliinamia dashibodi. Aliizima hita mwenyewe, akaiwasha tena, akakagua hadi chini ya kiti. Shangazi alikanyaga mafuta kidogo, mlio ukapanda.

"Ni hewa imeingia kwenye maji," Sikio alimweleza. "Ikishaamka hivi asubuhi inapotea. Mchana huipati."

Masikio yalimwiva binamu.

"Sasa mama, mbona hukuniambia ni asubuhi tu?"

"Uliniuliza?"

Hakuwa anatania. Sikio aliona aibu kuwepo pale, akashuka taratibu kwenda kuleta kifuniko kipya, na nyuma yake gari likaendelea kusukutua, wawili hao wakilisikiliza.