Tarumbeta la Sista Notburga

Sista akifa kwenye konventi yetu, huandikwa mistari mitatu kitabuni. Notburga aliandikwa: binti wa mfumaji, mpole, mtiifu. Basi. Nilifua naye nguo miaka kumi na tisa, na hasira yangu bado haijapoa.

Hakuja kufua. Baba yake alikuwa hana kitu, na msichana asiye na mali ya kuingia nayo hapokelewi kwa masista wa kwaya, hupelekwa kufua na kupika. Yeye walimpokea kwa ajili ya mikono yake. Mwanamke wa heshima hapulizi tarumbeta, kwa hiyo sikukuu zetu zilipambwa na zeze la uzi mmoja alilolipiga Notburga, refu kuliko yeye mwenyewe. Kijiti kinachobeba uzi kina mguu mmoja uliolegea; upinde ukipita, mguu huo hugongagonga ubao, na sauti inayotoka ni ya tarumbeta kabisa.

Pasaka moja alikuja mkaguzi wa askofu, Padri Zengerle. Alikaa upande wa waumini, nje ya nondo zinazotutenga na watu wa nje, akasikia tarumbeta. Baada ya misa hakugusa hata supu ya bia tuliyompikia. Alimwambia Mama Mkuu kwamba tunaficha mwanamume.

Tuliapa, hakuamini. Akataka zeze lipigwe mbele yake, naye ageukie ukutani. Notburga angeboronga, sote tungekuwa waongo. Mama Mkuu alimshika bega.

"Piga, mwanangu. Leo usibakize kitu."

Hakubakiza. Nilikuwa mlangoni na kapu langu la nguo, nikalia bila aibu. Padri akageuka, akatazama upinde, uzi, na ule mkono wa kike. Uso ukamwiva.

"Haya, mwanamume hayupo," alisema. "Lakini kama nimedanganyika mimi, watu wa sokoni watasema nini? Lisipigwe tena."

Nilidhani Mama Mkuu atamtetea. Aliinamisha kichwa, akashukuru. Masista wa kwaya nao wakasema nafasi ya Notburga ilikuwa ya zeze, na zeze halipo. Akaletwa kwetu kwenye mapipa ya kufulia.

"Apollonia," aliniuliza siku ya kwanza, "ilifaa niboronge kidogo?"

Nikampa sabuni.

Pasaka iliyofuata Mama Mkuu hakutaka sherehe ipooze. Aliita wapiga tarumbeta wawili kutoka mjini, wanaume wenye masharubu. Nje ya nondo hapakuwa na nafasi, hivyo waliingizwa ndani, kwa kibali cha Padri Zengerle mwenyewe. Mashati yao yalilowa jasho, yakaletwa kwetu. Notburga aliyafua.