Kabari ya Kalsiamu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kiwanda cha nguo, sikupewa kiti wala meza. Nilipewa kichupa cha iodini chenye kidondoshi, nikaambiwa nisimame mwisho wa birika, pale majora ya nguo yanapotoka yakichuruzika maji.

"Hilo ndilo jembe lako," alisema Mkemia Mkuu. "Sasa fungua mdomo."

Nilidhani sijasikia vizuri. Mama yule, mrefu, koti jeupe limepigwa pasi kama anakwenda kubariki ndoa, alikuwa ameshika tonge la kiporo cha ugali. Akanipa, akaniamuru nitafune bila kumeza mpaka aseme basi. Nilitafuna mbele ya watu wazima wanaonicheka, mimi msichana wa Mugeta niliyemaliza kidato cha nne juzijuzi. Baada ya muda ugali ukaanza kuwa mtamu mdomoni.

"Unasikia sukari? Mate yako yana kimeng'enya. Kimekata wanga, kimetoa sukari. Basi na humu birikani tuna ndugu yake. Karibu kazini."

Ninyi mnaosoma kemia kwenye simu hamtajua raha ya kufundishwa namna ile. Nyuzi za mtande, yaani zile za urefu wa nguo, hupakwa uji wa wanga kabla ya kufumwa ili zisikatike mtamboni. Nguo ikishafumwa, wanga ule sharti uondoke, la sivyo rangi haishiki. Kazi yangu ilikuwa kudondosha iodini kwenye kila jora. Tone likigeuka bluu ya kukaribia nyeusi, wanga umebaki. Likibaki na rangi ya chai, nguo ni safi, iende kwenye rangi.

Kabla ya mama yule kuja Musoma, kiwanda chetu kilikuwa kinaondoa wanga kwa asidi iliyozimuliwa. Shangazi yangu, niliyekuwa nikiishi kwake, alikuwa amefanya kazi kwenye birika la asidi miaka mingi. Glavu zilikuwa zikitoboka haraka kuliko zilivyoletwa. Viganja vyake vilipasukapasuka kama udongo wa kiangazi, na mezani alikula ugali kwa kijiko, tena uliopoa. Kwa mwanamke wa kwetu hilo ni jambo la aibu, ingawa hakuna aliyethubutu kumwambia. Mkemia Mkuu alipofika na kuona mikono ile, alikwenda moja kwa moja kwa Meneja. Akaahidi kwamba kimeng'enya kitafanya kazi ya asidi bila kumuunguza mtu. Nilimpenda kwa hilo hata kabla ya kumjua.

Miezi ya mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Mikono ya shangazi ikaanza kuota ngozi mpya. Halafu asubuhi moja tone langu likageuka bluu. Nikajaribu jora la pili, bluu. La tatu, bluu. Tuliongeza kimeng'enya, tukaongeza muda, wapi! Wiki hiyo vitambaa vya sare za shule vilitoka kwenye rangi na mabaka kama ng'ombe wa madoa.

Meneja alishuka mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na shule zinazosubiri sare.

"Mama, hii dawa yako imechoka," alisema. "Mimi kesho narudisha asidi. Na hawa wasichana wa iodini tutawatafutia nauli ya kwao."

"Nipe asubuhi ya kesho tu, Bwana Meneja. Ikishindikana, asidi utaimwaga mwenyewe, mimi sitasema neno."

Jioni hiyo nilimweleza shangazi. Alikuwa anajipaka mafuta ya mgando kwenye vidole. Alivitazama, akacheka kidogo kwa uchungu.

"Ng'ombe wa maskini hazai," alisema. "Nilikuwaga nimeanza kusahau maumivu, mwanangu. Haya, nitazitafuta zile glavu zangu."

Nilikasirika mpaka chakula kikanikataa. Hasira yenyewe sikujua niielekeze kwa nani.

Asubuhi Mkemia Mkuu alinikuta nimeshafika. Tuliweka bilauri mbili kwenye jiko la maabara, kila moja na kipande cha nguo ghafi. Moja tukaijaza maji ya bomba, nyingine maji kutoka birikani. Tukazipasha moto sawasawa, tukatia kimeng'enya kutoka dumu lilelile. Nikadondosha iodini. Nguo ya maji ya bomba ikabaki rangi ya chai. Ya maji ya birika ikawa bluu.

"Basi dawa haijachoka," alisema. "Kuna kitu ndani ya birika. Niitie watu wote, na wa rangi pia."

Wakaja. Akauliza kwa upole, bila kumkazia mtu macho, nani ametia nini. Msimamizi wa Rangi, mzee mmoja mcheshi wa Bunda, akajitokeza kifua mbele.

"Mimi niliwasaidiaga kidogo, mama. Si unajua ile dawa yetu ya kulainisha maji? Rangi zetu zimekuwa zinang'aa kweli kweli. Sasa nikasema, jirani yangu anafua kwa maji magumu na mimi nina dawa? Nikawa nawawekea kopo moja kila asubuhi."

Kwetu mtu akichinja hali peke yake. Lazima kibakuli kivuke uzio. Mzee alikuwa ametuvushia kibakuli. Sisi wengine tulishusha macho, tukingoja mvua ya matusi. Mkemia Mkuu akampa mkono!

"Asante, mzee. Umetupa jibu. Wewe unalima, si ndiyo? Jembe lako linakaaje kwenye mpini?"

"Kwa kabari, mama."

"Nikiing'oa kabari?"

"Utalima mara mbili, tatu, halafu jembe linakurukia mguuni."

"Basi sikilizeni wote." Akatueleza kwamba ndani ya maji mna chembe za madini zenye chaji ya umeme, ndizo ayoni. Kimeng'enya chetu hushika ayoni za kalsiamu ndani ya mikunjo yake. Kalsiamu haikati wanga. Kazi yake ni kukaza umbo, kama kabari. Dawa ya kulainisha maji hukamata madini na kuyafunga. Kwenye rangi ni heri, maana chuma na kalsiamu hufifisha rangi. Kwenye birika letu ilikuwa inang'oa kabari, na katika maji ya moto kimeng'enya kikafumuka. Kikishafumuka hivyo, alisema, hakifufuki.

Akachukua maji ya birika tena, akatia chumvi ya kalsiamu, kiasi cha kuishibisha ile dawa na kingine kibaki. Akatia nguo na kimeng'enya kipya. Meneja alikuwa ameshaingia, amesimama mlangoni. Muda ulipotimia, Mkemia Mkuu akanikabidhi kidondoshi.

"Jembe lako hilo."

Nikakibinya. Tone likaanguka, likatandaa, likabaki rangi ya chai.

Msimamizi wa Rangi ndiye aliyepiga kigelegele, mwanamume mzima! Meneja alicheka, akasema birika limwagwe na kujazwa upya. Tangu siku hiyo kila tulipoanza zamu tulitia kalsiamu kwanza, ndipo kimeng'enya. Habari ya asidi haikusikika tena.

Niliendelea kujifunza kwa mama yule hadi alipostaafu. Alinifundisha kwamba madini hayafanyi kazi moja. Kipo kimeng'enya katika damu chenye zinki, na humo zinki ndiyo makali yenyewe, si kabari. Tena yapo madini kama zebaki, yakiingia mahali pasipo pake huharibu kila kitu. "Usiulize kama madini ni mazuri au mabaya," alikuwa akisema. "Uliza yanafanya nini hapo yalipo." Nilipohamishiwa Bunda kupima pamba kwenye kiwanda cha kuchambulia, kisha nikarudi Musoma kuwa Msimamizi wa Maabara, nilijaribu kuuliza hivyo hata kuhusu watu. Yeye aliweza kuliko mimi, maana mimi hasira zangu ziko karibu.

Sasa nimestaafu, ninaishi Nyasura na kuku wangu. Mkemia Mkuu ametangulia mbele ya haki, na sijakutana na akili nyingine kama ile, wala moyo kama ule. Shangazi yupo Butiama, mzee sana, meno yamekwisha. Mwezi uliopita nilimtembelea. Ugali wa mtama ulipoletwa, moshi ukifuka, nilimsogezea kijiko kwa kumhurumia uzee wake.

Alikisukuma pembeni. Akamega tonge la moto kwa vidole vyake, akaliviringa taratibu kiganjani, akalitia mdomoni. Bila meno, alilitafuna kwa ufizi muda mrefu.

"Ukitafuna polepole hivi," akaniambia, "unakuwaga mtamu."

"Najua, shangazi," nilisema. Nikaomba nimshike mkono.